Bullards Beach, Oregon: gari-nyumba na mbwa msimu wa mvua

Kwa mwenye mbwa, kambi hii ya jimbo karibu na mji wa Bandon inafaa zaidi Novemba hadi Februari kuliko kiangazi. Kuanzia Machi 15 hadi Septemba 15, mbwa hupigwa marufuku kwenye fukwe wanakotaga vitwitwi wa theluji, ndege wadogo wa pwani. Baada ya hapo mchanga ni wa mbwa.

Kambini kamba isizidi futi 6. Ufukweni mbwa anaweza kufunguliwa, mradi anatii sauti yako na kamba unayo. Msiwe karibu na magogo: wimbi la ghafla huyabingirisha, hata yale mazito kabisa. Shukeni maji yanapokupwa.

Hatari kubwa ni samoni mbichi. Hubeba kimelea chenye bakteria, na mbwa aliyekula mzoga kando ya mto Coquille huanza kukataa chakula, kutapika na kuhara kama wiki moja baadaye. Asipotibiwa mara nyingi hufa. Mwambie daktari wa mifugo mapema kwamba kala samaki, maana dalili hufanana na za parvo, ugonjwa wa virusi wa mbwa.

Ndani ya gari, adui ni unyevu. Mbwa wawili waliolowa hujaza mvuke, na asubuhi ukiinua godoro unakuta upande wa chini umelowa chapa. Acha tundu la paa wazi vidole viwili hata mvua ikinyesha, na tumia hita ya umeme. Jiko la gesi huongeza maji hewani.