Fundi bustani wa Chumbageni, Tanga, anayefyeka nusu: nyota nne kati ya tano

Nianze na bei, maana ndiyo mnayoniuliza kila mkipita nyumbani. Kiwanja changu ni cha kawaida tu, mbele kidogo, nyuma kubwa. Ananitoza elfu thelathini, na anafyeka nusu. Nusu ya pili anaiacha makusudi. Jirani yangu aliposikia akashika kiuno: "Bibi wee, unamlipa mtu asifanye kazi?"

Basi niwaambie ninacholipia. Uzio wangu wa nyuma umetambaa pasheni za njano, na juisi yake ndiyo inayonunua umeme wa nyumba hii. Fundi niliyekuwa naye kabla ya huyu alikuwa msafi kupita kiasi. Chochote kilichoota alikipiga dawa ya magugu, kiwanja kikabaki kipara. Pasheni zilichanua, tena vizuri, halafu maua yakapukutika bila kushika tunda.

Huyu kijana alipokuja hakugusa hata panga. Alizunguka uzio, akauliza, "Mama, wale nyuki weusi wakubwa wanaotoboa mbao, huwa unawaona hapa?" Nikamwambia zamani. Akacheka. Pasheni ya njano haizai kwa chavua yake yenyewe, inataka ya mche mwingine, na wa kuibeba ni nyuki huyo mweusi. Ua lenyewe hufunguka mchana, kama saa sita hivi. Asubuhi nzima nyuki ale nini? Na miezi ambayo pasheni haichanui? Ndiyo maana akaacha kivumbasi, mgagani, mchunga wenye vile viua vya njano, na mbaazi zilizojiotea pembeni. Nyuki apate makazi, akaweka na gogo kavu kwenye kona ya mbali na nyumba.

Njooni saa saba mchana muone. Nyuki anatua katikati ya ua, anazunguka akifyonza, na vile vifuko vya chavua vinavyoning'inia juu yake vinamsugua mgongoni mpaka mweusi anakuwa wa njano. Anaondoka kwa mngurumo kama bodaboda inayopanda mlima. Kwenye ua la pili mgongo ule ule unasuguliwa tena, na hapo tunda limeshatungwa. Msimu huu uzio umeinama kwa matunda.

Lakini anachowashinda mafundi wengine si kuacha majani, maana kuacha majani hata mvivu anaweza. Ni pembezoni. Ukanda wa hatua moja kando ya njia na kando ya barabara anaufyeka chini kabisa, umenyooka kama aliyepima kwa kamba, kisha anapanga mawe na kuyapaka chokaa. Ndani ya mawe vurugu, nje ya mawe nidhamu. Majani yale yale yaliyokuwa yakiitwa pori sasa yanaitwa bustani. Jumamosi moja ya usafi mwenyekiti wa mtaa alisimama getini, akatazama mawe, akaniuliza, "Bi mkubwa, hii ni bustani ya dawa?" Nikamjibu ndiyo mwenyekiti. Na kivumbasi si dawa?

Msinielewe vibaya, usafi naupenda. Nimelelewa na ufagio wa chelewa. Kwetu uwanja usipokuwa na michirizi ya ufagio kabla jua halijapanda, mgeni atawaza kuna msiba. Na tarehe 9 Desemba 2015, Rais Magufuli alipoigeuza sherehe ya Uhuru kuwa siku ya kusafisha kwa sababu ya kipindupindu, nami nilitoka na reki yangu. Ila mfuko wa plastiki ulioziba mtaro na ua la mgagani ni vitu viwili. Mwaka 1892 mkuu wa wilaya wa Kijerumani huku kwetu, Walter von Saint Paul-Illaire, aliona kiua kidogo cha zambarau porini, akampelekea baba yake Ujerumani. Leo kimejaa madirishani Ulaya na Marekani, kinaitwa Saintpaulia kwa jina lake. Wenyewe tungekipitia na fyekeo.

Kuhusu mbu na nyoka hakunipaka mafuta. Hakuna jani linalogusa ukuta wala dirisha. Vifuu na tairi kuukuu alivitoa vyote, kwa kuwa mbu anazaliana majini. Nyoka, alisema, anafuata panya, na panya anafuata makombo ya jikoni, kwa hiyo jalala langu lifunikwe. Limefunikwa.

Binti yangu alinitumia habari za Waingereza na shirika lao la Plantlife, wanaohimizana wasikate majani mwezi Mei. Nikamwonyesha fundi, akasema Mei yao si yetu. Kweli, Mei ni masika, ukiacha kufyeka utamtafuta mbuzi wako kwa sauti. Yeye anasubiri mvua ipungue na mbegu zikauke, kisha anafyeka kipande kwa kipande, kimoja kikikatwa kingine bado kina maua.

Nyota moja nimeikata kwa haki. Kwanza, akisema saa mbili ujue ni saa nne, na simu hapokei. Pili, aliacha kishona nguo chini ya kamba ya kuanikia. Nimekaa jioni nzima nikichomoa miiba kwenye baibui la kuazima. Nilipomlalamikia akasema nyuki wanakipenda. Nyuki hawavai baibui! Amekihamishia nyuma ya banda. Tatu, nyuki wake hawakutosheka na gogo, wametoboa na boriti ya kibaraza. Alirudi akapaka rangi bila kunidai, maana mbao iliyopakwa rangi hawaipendi sana, lakini tundu liko pale pale.

Mwenye pasheni au maboga amwite. Mwenye pevingi ukuta kwa ukuta asimsumbue, hana cha kumfanyia. Mpangaji aongee na mwenye nyumba kwanza, na wote mumwahi kabla ya vuli kwa sababu Oktoba hapatikani. Chokaa unanunua mwenyewe.