Tathmini ya Pacemaker: Anwani ya IP Inayohama na Mfuatano wa Kuwasha Huduma

Kwa msimamizi anayetaka huduma iendelee hata seva moja inapozimika, Pacemaker, programu inayosimamia huduma kwenye seva kadhaa zinazofanya kazi pamoja (klasta), ikitumiwa pamoja na Corosync, inayoziwezesha seva hizo kuwasiliana, inastahili sifa. Wakala uitwao IPaddr2, yaani programu ndogo ambayo Pacemaker huitumia kusimamia anwani, huiweka anwani ya IP kwenye seva iliyo hai na kuutangazia mtandao, kwa ujumbe wa ARP (itifaki inayooanisha anwani ya IP na kadi ya mtandao), kwamba anwani hiyo sasa iko kwenye kadi nyingine, hivyo wateja hawabadilishi chochote.

Ugumu uko kwenye mpangilio. Kanuni ya kutanguliana haisemi lolote kuhusu mahali: ukiagiza anwani iwake kabla ya hifadhidata bila kuongeza kanuni ya kukaa pamoja, programu inaweza kukutii kikamilifu huku kila moja ikiwa kwenye seva yake, jambo ambalo, kusema kweli, halitarajiwi na anayeanza. Kundi la rasilimali, yaani anwani na huduma zinazosimamiwa na klasta, huondoa utata huo, kwa kuwa huziweka zote mahali pamoja, huziwasha kwa mfuatano ulioandikwa na kuzizima kinyumenyume. Kwa klasta ndogo sioni sababu ya kuanza na kitu kingine. Sharti ni kwamba huduma zilizokabidhiwa klasta zisiachwe ziwashwe pia na systemd, mfumo wa Linux unaowasha huduma, wakati seva inapoanza.