Kiti mwendo chepesi: kiti sina ugomvi nacho, ugomvi ninao na duka

"Kaka, mgonjwa ana kilo ngapi?"

Aliyeulizwa ni kaka yangu. Huyo mgonjwa ni mimi, nimekaa mbele yake muuzaji, na hela ya kununulia iko kwenye simu yangu. Hii ni Kariakoo, miezi kadhaa nyuma.

Futi hakushika. Alivuta kiti cha inchi 18, eti ndicho wengi wanachochukua. Mimi nyonga hazifiki inchi 16. Nikasema kinanipwaya, akamjibu kaka: "Atazoea, na akikaa kaa atanenepa." Atanenepa! Tulilipa kwa sababu kile cha zamani fremu ilishakatika.

Kwa kubeba, ni chepesi kweli, dereva wa bajaji anakipandisha kwa mkono mmoja. Kukisukuma sasa! Ekseli, kile chuma kinachoshika magurudumu makubwa, ilikaa nyuma mno ya mabega yangu, uzito wote ukalalia magurudumu madogo ya mbele. Mchanga wa uchochoroni kwetu tu, yanazama. Na kwa upana ule nasukuma viwiko nje kama kuku anayeanika mbawa. Bega la kulia likaanza kuniamsha usiku. Bega hilo hilo ndilo linalonihamisha kitandani na chooni, sina la akiba.

Fundi mmoja aliyesomea kazi hii Moshi alikiangalia, akacheka. Fremu ina matundu ya kuhamishia ekseli! Siku ile nilimuuliza muuzaji ya nini, akasema ya kiwandani hayo, achana nayo. Fundi akasogeza ekseli mbele na kurekebisha kimo, mpaka nikiweka mkono juu ya gurudumu kiwiko kinakunjika nyuzi 100 na kitu. Akafunga na vigurudumu vya nyuma, maana kikiwa hivyo ni rahisi kupinduka chali. Jamani, kiti kikateleza! Hapo ningekipa kiti hiki nyota tano.

Ila upana haukutibika. Kaziba pembeni kwa sponji ngumu, bado nayumba kwenye kona. Kwa hiyo tano hapana. Shirika la Afya Duniani limeandika tangu 2008 kwamba mtu apimwe, kiti kirekebishwe, afundishwe kukitumia. Wale wa dukani walifundisha kukikunja tu, na aliyefundishwa ni kaka.

Nyota mbili, zote za kiti. Wakinirudishia hela ya fundi nitaongeza ya tatu. Labda.