Tahadhari: anauza pampu na nozeli feki za turbo, injini yangu imekufa

Wakuu, naandika nikiwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo. Injini imeshushwa, pistoni namba 3 imevunjika pale ringi inapokaa, ukuta wa silinda una mikwaruzo unayoihisi kwa kucha. Na muuzaji wa vipuri aliyenifikisha hapa, leo asubuhi ametangaza mzigo mpya. Mnaojua ninayemsema mnamjua. Ni yule yule wa "kwangu hakuna feki".

Gari nalifungia turbo ili liongeze nguvu, mengine mnayajua, siyarudii. Turbo ilishafungwa, intakula (kipoza hewa ya turbo) ipo, kilichobaki ni upande wa mafuta tu. Nilimtafuta kwa sababu wawili kati yenu mlimsifia, siwalaumu, na mimi pia ningemsifia siku ile.

Msinione mjinga. Huyu mtu anaijua kazi. Nilimwambia nataka nozeli (vipulizia mafuta) za 750, yaani mililita kwa dakika, akanikatalia. "Kaka, hizo ni hasara kwako. Umesema unataka nguvu za farasi 250, silinda ziko nne, za 550 zinakutosha na hazitafika hata asilimia 80 ya uwezo wake. Usitupe hela." Muuzaji anayekataa kukuuzia kitu cha bei kubwa, wewe ungefikiriaje? Akaniuliza kompyuta ya gari inaendesha nozeli za omu ngapi, maana za omu 2 zikifungwa bila rezista zinaweza kuichoma. Akaniambia nivute waya mnene na rilei mpya kutoka kwenye betri mpaka kwenye pampu, kwa kuwa waya wa kiwandani ni mwembamba na umeme ukipungua njiani pampu inapoteza nguvu. Yote hayo ni kweli! Ndiyo maana nikamwamini. Alinifundisha ukweli ili aniuzie uongo.

Tulikutana kituo cha mafuta, yeye ndiye aliyechagua. Akatoa boksi la pampu, lina jina la Walbro, kampuni ya pampu za mafuta, ile ya lita 255 kwa saa, limefungwa kwa lakiri. Akasema, "Fungua mwenyewe, usije ukasema nimebadilisha." Nikaikata lakiri kwa kucha, mimi kwa mkono wangu. Akaniwekea pampu kiganjani: nzito, ya baridi, ina filta yake nyeupe kwenye mfuko, kipande cha mpira wa mafuta na klipu mbili. Akagusisha waya kwenye betri ya gari lake kwa nusu sekunde, ikalia mlio mwembamba, safi. "Sikia hiyo." Nikasikia. Halafu akatoa simu, akanionyesha video ya nozeli nne kwenye mashine ya kupimia, zinatoa ukungu mzuri, mirija yote imejaa sawa. Sikumuuliza kama ndizo zile zilizokuwa mbele yangu. Nilimhesabia hela yote pale pale, akiba ya miezi minane, nikamshukuru na kumpa mkono. Huo mkono ndio unaoniuma kuliko hela.

Siku ya kutyuni, yaani kuipanga kompyuta ya injini, fundi alikaa kushoto kwangu na laptopu mapajani. Tulianza na busti (presha ya hewa ya turbo) ya nusu ba, geji ya mchanganyiko wa hewa na mafuta ikasoma 11.7, tukafurahi, maana namba ikipanda ndipo mafuta yanapungua. Fundi akapandisha mpaka ba 1. Gia ya tatu, nikakanyaga. Mshale wa busti ukapanda vizuri, gari likavuta kama nilivyoliota mwaka mzima. Kupita mizunguko 5,500 kwa dakika, geji ikasoma 12, ikaruka 13, ikapita 14. Fundi akapiga kelele "Achia!" na mimi nikaachia, lakini tulishasikia ile sauti, kama kokoto zinatikiswa kwenye kopo. Baada ya hapo moshi wa bluu na injini inatetemeka. Plagi ya namba 3 ilitoka na vitone vya aluminiamu. Ni pistoni yenyewe hiyo.

Nilikaa kwenye kiti cha gari sijui muda gani, sikuweza hata kushuka.

Kesho yake tulitoa mpira wa kurudisha mafuta tangini, tukauelekeza kwenye chupa ya vipimo, regyuleta (kidhibiti presha ya mafuta) iko ba 3, tukaiendesha pampu sekunde 30. Zikatoka mililita 650. Pampu ya kweli ya lita 255 ilipaswa kupita lita moja na nusu kwa muda huo hata kwa umeme wa betri peke yake, injini ikiwa imezimwa. Hiyo ni kwa ba 3. Busti ikiwa ba 1, regyuleta inapandisha presha ya mafuta mpaka ba 4, na pampu inavyosukumana na presha kubwa ndivyo inavyotoa kidogo. Ndiyo maana kwenye nusu ba ilituridhisha, ikaja kutuangusha pale injini ilipohitaji mafuta zaidi.

Nozeli tukazipeleka kwenye mashine. Ya silinda namba 3 ilitoa 410 kwa dakika, ya jirani yake 560. Na hiyo ya namba 3 haikuwa inapuliza ukungu, ilikuwa inakojoa mstari mmoja. Dawa ya kusafishia ilipozigusa, rangi ikabanduka, chini yake kuna kutu. Ni nozeli za zamani zimepakwa rangi.

Mpira aliouweka kwenye boksi ulikuwa umevimba ndani ya tangi, ukiuminya unaacha weusi vidoleni. Mpira wa kuzama kwenye petroli huandikwa ubavuni SAE 30R10. Ule haukuandikwa chochote. Siku chache tu ndani ya petroli, na tayari ulikuwa unayeyuka!

Nilimpigia. Kwanza, "fundi wako hajui kufunga." Nikamtumia video ya chupa, akaitazama, akanifungia namba.

Mtu huyu akamatwe. Sisemi aombe msamaha, nasema polisi, alale ndani, arudishe hela ya kila mtu na alipe pistoni, gasketi na kuchonga silinda. Gari linaweza kuzimika katikati ya kulipita lori kwa pampu ile, na ndani kuna watoto. Wanaomtetea eti "labda naye aliuziwa", mbona alikataa tukutane gereji kwa fundi wangu? Nilimwomba mara mbili, kila mara ana haraka.

Mengine ya kuangalia, kwa ninavyokumbuka sasa: maandishi ya pampu yalifutika kwa kitambaa chenye petroli. Nozeli hazikuja na karatasi ya vipimo vya kila moja. Risiti alisema atatuma. Kama umeshanunua kwake na hujafunga, usifunge, fanya kwanza ile ya chupa. Kama umeshafunga, shusha busti leo.

Pampu, nozeli, boksi na lakiri iliyokatwa vyote ninavyo kwenye mfuko, sijatupa kitu. Aliyeuziwa na mtu huyu aniandikie faraghani na picha ya alichopewa, Jumatatu naenda kufungua kesi na sitaki kwenda peke yangu.