Kidude cha kichwani kilichonipasulia kioo

Ta! Sauti ndogo tu, kama ukucha ukigonga kikombe. Nilikuwa nimejifunika kitambaa cheusi nyuma ya kamera, kichochoroni Shangani, jua bado halijateremka kwenye kuta, na hapo hapo nikajua kilichokwenda ni nini. Kile kidude cha plastiki nilichokivaa kichwani hakikupata hata mkwaruzo. Kilichopasuka ni kioo cha ukungu cha kamera yangu, kona mpaka kona.

Kwa hiyo msinunue. Hivi vioo vya kukuzia vya kuvaa kichwani, vyenye utepe wa kuzunguka paji na lenzi mbili mbele kama kofia ya fundi wa kuchomea vyuma, msinunue. Pesa zenu kaleni urojo.

Ambaye hajawahi kuishika kamera ya filamu ya inchi 4 kwa 5 ataniona nalia kwa jambo dogo. Picha unaitazama kwenye kile kioo cha ukungu cha nyuma, nayo imesimama kichwa chini miguu juu, kushoto kumekuwa kulia, tena hafifu, hata lenzi ukiifungua yote. Ndiyo maana ya kitambaa. Mie cha kwangu nimekishona kwa buibui kuukuu la mama. Sasa nataka mawe ya njia yaonekane makali kuanzia miguuni pangu mpaka mlango wa nakshi kule mwisho wa kichochoro. Basi lazima niinamishe ubao wa lenzi mbele kidogo, ile kanuni ya Mwaustria Scheimpflug ya kuilaza fokasi ifuate ardhi. Unainamisha, fokasi ya mbali inapotea. Unairudisha, ya karibu inahama. Unainamisha tena kwa kiasi cha nywele. Mkono mmoja uko mbele kwenye lenzi, mmoja uko nyuma kwenye kirungu cha fokasi, mivukuto iko katikati inakubana mbavu. Na kioo cha kukuzia, cha kuhakikisha fokasi, akishike nani? Mkono wa tatu Mungu hakunipa.

Miaka yote nilikuwa nikikining'iniza shingoni kwa uzi kama hirizi. Nakiweka, natazama, nakiachia, kinakwenda kugonga miguu ya kamera, nakitafuta gizani. Nikishakipata nimesahau nilikuwa natazama nini. Kwa hiyo nilipokiona kidude cha kuvaa, katika duka moja Darajani ambalo silitaji, nilikichukua kwa furaha ya mtoto siku ya Idi. Na siku za mwanzo, wallahi, kilinifaa. Mikono miwili huru, macho mawili yanatazama pamoja, hapana kufumba jicho moja mpaka uso unauma. Nilipiga balkoni tatu asubuhi moja, mimi ambaye mbili kwangu ni sherehe.

Ila pembeni, karibu na masikio, pana skurubu mbili, na skurubu hizo ndizo ninazotaka kuzisema. Ndizo zinazozishika lenzi zikae juu au zikae chini. Lenzi zenyewe unaona vizuri kwa umbali mmoja tu, kwangu kama shubiri moja kutoka kwenye kioo. Ukijivuta nyuma uitazame picha nzima, ukungu mtupu. Kwa hiyo unazipandisha na kuzishusha kila baada ya dakika. Mara mia kwa asubuhi moja, tena umejifunika buibui linaloburura kila kitu. Skurubu zikaanza kulegea. Nikazikaza. Zikalegea. Nikazikaza kwa kisu. Na asubuhi ile nimezipandisha, nimeinama kuvuta kirungu cha chini, pua iko hapo hapo kwenye kioo, lenzi zikashuka zenyewe kama mlango usio na komeo. Ta!

Kioo kile hakiuzwi Unguja. Si Darajani, si Mlandege, si popote.

Nilikaa siku mbili tatu ili nipoe, kisha nikaenda dukani. Nikatoa salamu. Kijana akaitikia nusu, macho kwenye simu. Nikamweleza taratibu, nikamwonyesha vile lenzi zinavyoanguka. Akakichukua, akakigeuza geuza, akaniuliza, "Mzee, si kizima hiki?"

Nikamwambia kizima, ila hakishiki, na kimenivunjia kioo cha kamera.

"Basi kimevunjika kioo chako. Sisi tulikuuzia kioo?"

Waliokuwa barazani wakacheka. Yeye akapata nguvu. "Hivi vya mafundi simu hivi, mzee. Na kutolea miba. Wewe umekwenda kupigia picha?" Halafu akaninyanyulia simu yake mbele ya uso, eti nione picha zinavyopigwa siku hizi.

Nilitoka bila kuaga, jambo ambalo sijawahi kulifanya katika duka lolote la Mjini, na mpaka leo linaniuma kuliko kioo. Mtu hajakujibu salamu yako kamili, anakufundisha kazi uliyoifanya kabla hajazaliwa! Ningetaka kumwambia kwamba Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la sultani, imesimama tangu 1883, na Disemba 2020 upande mmoja ukaporomoka mchana, na tokea siku hiyo nimejiapiza kila mlango na kila balkoni niupige kwenye filamu kubwa kabla haujaondoka. Sikumwambia. Angenijibu nini?

Kioo nilikitengeneza. Fundi mmoja wa vioo alinikatia kipande cha kioo cha kawaida kwa kipimo kile kile, gereji wakanipa dawa ya kusagia vali kwenye kikopo, nikaimwaga na kusugua kwa kipande kingine, mduara mduara, jioni nzima mpaka kikawa cheupe kama maji ya mchele. Upande uliosagwa unatazama lenzi. Ukikosea hapo fokasi yako yote ya uongo. Kimetoka kizuri. Nathubutu kusema kina mwanga kuliko cha zamani.

Katikati ya hayo nilijaribu miwani ya kusomea ya namba 4, ile ya kupangwa chini barabarani. Rahisi, nyepesi, haianguki. Lakini haikuzi vya kutosha kwa nakshi ndogo za mlango, na ukisahau kuivua ukatoka kitambaani unajikwaa kwenye baraza za watu. Rafiki yangu alinishauri ninunue kioo chenye nguvu maradufu. Nako ni kujidanganya: ukizidisha sana unaanza kuona chembe za kioo chenyewe, picha inapotelea humo. Kwa ukubwa na macho mawili, kile kidude kilaaniwe lakini kilikuwa sawasawa. Kasoro skurubu. Na unyevu, maana ukipumua humo ndani wakati wa kaskazi lenzi zinaota jasho zote mbili.

Nilikuwa nimekitupa juu ya kabati. Siku moja narudi nyumbani namkuta mama kibarazani amekivaa, kofia ya mkono iko mapajani, anazungushia uzi vile vitundu vidogo vidogo ambavyo mwaka mzima alikuwa analalamika havioni tena. Amekaa kimya kama yuko msikitini.

"Mama, kibovu hicho, kinaanguka."

"Kinaanguka kwako. Wewe hujui kukaa kitako." Kisha akanipa nikitazame. Amezungushia uzi wa kofia chini ya skurubu zote mbili, mara saba au nane, akakaza. Nilizipandisha lenzi, nikatikisa kichwa, nikaruka pale pale uani kama mwendawazimu. Hazikushuka. Uzi! Waliokitengeneza wametia lenzi nzuri za kioo kitupu, wametia utepe wa sponji, wakakosa kitu cha thamani ya uzi wa shilingi mia mbili, na mie nikasaga kioo mpaka vidole vikachubuka.

Basi lile neno la msinunue sijui niliache au nilifute. Nunueni, lakini si kwa yule kijana. Cha kwangu sasa nakwenda kukiomba kwa adabu baada ya alfajiri, na nimeamrishwa kiwe kimerudi kabla ya adhuhuri, kofia ya harusi haijesha.