Walilipangusa gari langu na mchanga wake

Nina hasira na sitaificha. Zimepita wiki kadhaa tangu nipeleke gari langu kuoshwa mahali fulani hapa Malindi, penye bango kubwa lililoandikwa POVU KWANZA, na kila nikilitoa nje alasiri jua likianza kuinama, hasira hurudi mbichi. Jina lao silitaji. Nataka tu wenzangu wenye magari wajue yaliyonikuta.

Gari lenyewe ni Mazda dogo la viti viwili, la kizazi cha kwanza, lile ambalo kwao Japani waliliita Eunos Roadster, lenye taa zinazoinuka na kulala. Marehemu mjomba wangu alilinunua Mombasa likiwa limeshatumika, akalipaka nyeusi, akaliendesha mpaka macho yalipomkatalia. Siku ya kuliacha hakuwapa wanawe wa kiume. Alinipa mimi, na sababu aliisema mbele yao: "Huyu ndiye anayeliosha."

Mjomba alikuwa na neno lake moja, mchanga kwanza, sabuni baadaye. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni ukaidi wa wazee. Gari halikuoshwa juani hata siku moja. Aliliweka chini ya mwarobaini, akaweka kiganja juu ya boneti, na kama kiganja hakikuweza kutulia pale, basi tulingoja, tukala embe, tukangoja tena. Kisha maji matupu kuanzia juu kushuka chini, bila mkono kugusa, bila kitambaa. Tukifika mbele alibonyeza kile kitufe cha kuinua taa, kwa sababu zikiwa zimelala huacha ufa mwembamba kuzunguka vifuniko vyake, na humo ndimo mchanga unapojificha. Ukishasahau ule ufa, mchanga utakungoja hadi uje na kitambaa, ndipo utoke.

Siku hizi naongeza povu zito la kupuliza. Nalipuliza, naliacha kama dakika 5, naliangalia lisije likakaukia kwenye bodi, halafu nalisuuza. Watu wengi hudhani povu ni la kung'arisha. Sivyo. Kazi yake ni kulainisha uchafu na kuuteremsha kabla mkono wa binadamu haujagusa rangi. Likishaondoka na ule uchafu, hapo ndipo zinakuja ndoo mbili, moja ya sabuni, moja ya kusuuzia glavu kila ukimaliza kipande, ili uchafu wa mlango usihamie kwenye boneti.

Na sisi wa Malindi tuna sababu kuliko watu wa bara. Mto Sabaki unatuletea udongo na mchanga kutoka mbali, bahari inaurudisha ufukweni, upepo unaumalizia barabarani. Ukienda Mambrui siku ya kaskazi kali, ukirudi gari limevaa shuka. Chembe nyingi za mchanga ni kwatsi, madini magumu yanayofanana na kioo, na kwatsi kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs ina 7, wakati chuma cha kisu ni kama 5.5. Sasa lile tabaka la juu la rangi ya gari, lisilo na rangi, ambalo mafundi huliita kliya, kwa kawaida lina mikroni 40 au 50. Unywele wa mtu ni kama 70. Kinachomlinda mrembo wako na dunia yote ni kitu chembamba kuliko unywele, na mtu anakuja kukisugua kwa kitu kigumu kuliko kisu.

Siku hiyo nilikuwa natoka Mambrui. Pampu yangu ya nyumbani ilikuwa imekufa, na pale mahali nilishakwenda mara mbili nikahudumiwa vizuri, wallahi naisema haki yao. Mara ya kwanza kijana mmoja alilisuuza gari kwa utulivu mpaka nikampigia mjomba dua kimoyomoyo. Basi nikaacha ufunguo, nikamwambia kijana mwingine niliyemkuta, "Mwanangu, hili lina mchanga mwingi, mpe maji kwanza." Akaniitikia. Nikavuka barabara kununua maji ya kunywa, sikukawia hata robo saa.

Narudi namkuta ameinama juu ya boneti na tambara kavu. Kavu! Tambara la kijivu lililokuwa taulo zamani, pembe moja imeungua. Anapangusa kwa miduara, polepole, kwa bidii, kama mtu anayefuta meza ya chakula. Mchanga nikauona kwa macho yangu ukikusanyika mbele ya mkono wake, kijistari cha rangi ya kahawa kikisogea, kikigeuka, kikirudi. Na sauti. Mtu ambaye hajawahi kuisikia ile sauti hawezi kunielewa. Ni kama mtu anayesaga chumvi mbali kidogo, chumba cha pili.

Nilipiga ukelele. Kijana akashtuka, akasimama na tambara mkononi. "Mama, napunguza vumbi kwanza ndipo nitie povu." Yaani kwake yeye ile ndiyo kazi ya kabla ya kuosha.

Sasa nieleze kwa nini nilitetemeka, kwa sababu kuna watakaosema mikwaruzo midogo haionekani. Kwenye gari lingine pengine ni kweli. Kuna magari ya spoti ambayo hata ukiyakwaruza huoni, maana yamejaa mikunjo, matundu, mabawa na mapezi hadi jicho halijui litulie wapi. Sina ugomvi na kitu chenye kazi. Vijana wa Subaru wakinionyesha lile tundu la boneti kwenye Impreza ya turbo nawaunga mkono, kwa kuwa linapeleka hewa kwenye kipozeo kilichokaa juu ya injini. Lakini tundu la plastiki lililogandishwa kwa gundi, lisilopitisha hata pumzi ya paka, hilo ni uongo umepakwa rangi. Jirani yangu Mwitaliano, mzee aliyeishi hapa miaka mingi, tunabishana naye kila tukikutana. Kwake hakuna gari lililowahi kuwa zuri kuipita Lamborghini Miura ya mwaka 1966, iliyochorwa na Marcello Gandini akiwa kijana hata wa miaka 30 hajafika. Zile taa zenye kope. Namkubalia kope, namkubalia kiuno, lakini namwambia Miura inataka utazamwe na uogope. Hili langu halimwogopeshi mtu. Watoto wa mtaani wakiona taa zinainuka hucheka, nalo ni kama linacheka nao.

Lilitoka mwaka 1989, kwenye maonyesho ya magari ya Chicago, na taa zake za nyuma zimewekwa kwenye jumba la sanaa za kisasa la New York, taa za gari la bei ya mtu wa kawaida! Mmoja wa wachoraji wake, Shunji Tanaka, alichukua fikra kutoka kwenye vinyago vya maigizo ya Noh ya kwao Japani. Kinyago kile hakina mkunjo, ni kitulivu, lakini mwanga ukibadilika kidogo sura yake hubadilika nayo, kikawa kinahuzunika, kikawa kinatabasamu. Ndivyo bodi ya gari hili ilivyofinyangwa. Haina mstari mkali wa kushika jicho. Kilichopo ni mwanga unaoteleza kutoka taa, ukapita juu ya gurudumu, ukazama mlangoni, ukaibuka nyuma. Mjomba hakujua habari za Noh, lakini alikuwa akikaa barazani saa kumi na moja jioni anautazama mwanga ukitembea, kimya, kahawa inapoa.

Sasa uzuri wote ukiwa ni mwanga, na wewe ukaja ukauvunja mwanga vipande elfu kwa miduara ya tambara, umebakisha nini? Ndiyo maana sikubali kuambiwa ni mikwaruzo tu. Juu ya nyeusi, jua likipiga, unaona utando wa buibui umezunguka pale linapong'aa jua. Ukisogea, utando unasogea nawe.

Nikamwita mwenye mahali. Hapa ndipo nilipochomwa hasa. Alikuwa amekaa kivulini na simu, hakuinuka. Nikamsalimu, maana hata kwa hasira mtu husalimia, akanijibu bila kuinua uso. Nikamweleza. Akatazama gari kutoka alipokaa, umbali wa hatua kama 15, akasema: "Mama, gari ni bati. Likioshwa litang'ara. Au ulitaka tuliogeshe kwa marashi?" Wale waliokuwa wakingoja wakacheka. Mmoja akaongeza kuwa gari la watu wawili lina mambo kuliko mke wa pili.

Sikucheka. Nikamwambia, "Kaka, bango lako linasema povu kwanza." Akasema maji ni ghali, wananunua kwa bozi, yaani lori la maji, mabomba yana siku zake, vijana wameambiwa wapunguze vumbi kwa tambara ili gari moja lisimalize pipa.

Hapo nilinyamaza kidogo, kwa sababu maji ni shida ya kweli hapa kwetu na mimi si mgeni wa shida hiyo. Maji ya visima vingi vya hapa yana chumvi na chokaa ya mawe ya matumbawe, ukisuuzia gari halafu likakaukia juani linabaki na madoa meupe kama limetemewa mate. Kwa hiyo maji mazuri yanagharimu, namwelewa. Angeniambia, "Dada yangu, leo maji hayatoshi, rudi kesho," ningemshukuru na kumsifu kwa watu. Ndoo moja tu ya maji matupu iliyomwagwa polepole ingepunguza nusu ya balaa. Kukosa maji si kosa. Kosa ni kuchukua shilingi 500 za povu kwanza, ukafanya tambara kwanza.

Yule kijana, nisimfiche, ndiye pekee aliyekuwa na utu siku ile. Alinifuata nilipokuwa naondoka, akaomba radhi kwa sauti ya chini ili tajiri asisikie, akaniuliza zile taa zinainuliwaje. Nikamwonyesha kitufe. Taa zikapanda, na kwenye ule ufa, kulia na kushoto, mchanga umejaa kama ulivyotoka Mambrui, haujaguswa na chochote. Akaupitisha kidole, akasugua chembe baina ya kidole gumba na cha shahada, akasema, "Huu unakata." Sekunde tatu zilimtosha kujua alichopaswa kufundishwa siku ya kwanza ya kazi. Simlaumu, na kama ningekuwa nahukumu yeye peke yake ningesema nendeni, mwiteni yeye, mwelekezeni, atafanya vizuri.

Fundi wa rangi niliyempelekea amelitazama kwa taa ya mkononi. Amesema utando mwingi utatoka kwa polishi, lakini polishi nayo inakula kliya, na kliya hairudi, kwa hiyo haiwezi kufanywa kila mwaka. Mikwaruzo mitatu juu ya gurudumu la mbele kushoto ameipitishia ukucha na ukucha ukanasa. Ukucha ukinasa, amesema, usijisumbue na polishi, ni kupaka upya. Na hiyo ni rangi ya mjomba. Aliichagua yeye, aliisimamia yeye, akilala kwa fundi siku mbili ili vumbi lisiingie. Nimemwambia fundi asiiguse kwa sasa.

Nilikaa na maneno haya siku kadhaa kabla ya kuyaandika. Mwanzo nilisema nyota moja. Kisha nikamkumbuka kijana na ile siku ya kwanza nilipoondoka nimeridhika, na shida ya maji, nikasema mbili, labda mbili na nusu. Mwenye mahali anaweza kuwa alikuwa na siku mbaya, nani hana. Nikawa nishaamua mbili.

Leo asubuhi nimepita pale kwa miguu nikienda sokoni. Kulikuwa na Corolla nyeupe imejaa vumbi, mwenyewe hayupo, na tambara lile lile la pembe iliyoungua linazunguka juu ya mlango, kavu. Bango juu limepakwa upya, herufi nyekundu. Nyota moja.