Kozi ya ulinzi wa mtoto, moduli ya lini uite polisi: nzuri ila imekimbia pale pagumu

Nimeifanya hii kozi ya mtandaoni ya wachunguzi wa kesi za watoto na nitaongelea moduli ya polisi tu, maana ndo nilijiunga kwa ajili yake. Haizungushi. Ukikuta dalili za ukatili wa kingono, mtoto kaumizwa vibaya au kafariki, kuna silaha ndani ya nyumba, au mtuhumiwa anaweza kutoroka, polisi wajulishwe saa hiyohiyo na usiende kumhoji mtuhumiwa kwanza, kwa sababu hapo umeshamshtua, atafuta meseji, atafua mashuka, atampanga mtoto cha kusema, wapelelezi wakija hawakuti kitu.

Somo la mahojiano ndo bora kuliko yote. Mtoto anahojiwa na mtu mmoja aliyefundishwa, maswali ya wazi kama "nielezee ilivyokuwa", inarekodiwa, polisi na ustawi wa jamii wanafuatilia pamoja kutoka chumba kingine. Hii inamwokoa asirudie yale mambo kwa watu wanne watano, maana kila akirudia anaumia upya na maelezo yanapishana kidogo, na wakili wa utetezi anasubiri hapohapo. Wamesisitiza pia kuanza dawa za kuzuia VVU ndani ya saa 72 tangu mtoto afanyiwe ukatili wa kingono, yaani matibabu hayasubiri jalada lifunguliwe. Hiyo pekee ingebandikwa kila ofisi!

Sasa shida. Kesi za mtoto kutotunzwa wamezipitia juujuu, wanasema "tumia busara" wanaendelea. Jamani, si ndo tunapokwama kila siku? Mama yuko kazini usiku, mtoto kabaki peke yake, chakula hakuna, ukiita polisi mama anawekwa ndani na mtoto hana tena mtu kabisa. Umaskini sio jinai. Wangetupa mifano ya kupimia: umri wa mtoto, imetokea mara ngapi, msaada ulitolewa ukakataliwa au haukutolewa kabisa, chakula ananyimwa makusudi au hakipo.

Halafu hawajagusa kesi ambayo polisi wamekosa ushahidi wa kutosha. Mahakama ya jinai inataka uthibitisho mzito zaidi ya ule unaotosha kumwekea mtoto ulinzi, kwa hiyo polisi wakifunga jalada sisi wachunguzi wa ulinzi wa mtoto hatufungi letu, na afisa mgeni asipoambiwa hivyo atamrudisha mtoto kwa mtu yuleyule.

Nyota tatu kati ya tano. Wanaoanza kazi wafanye, wazoefu bora watafute mafunzo ya kukaa pamoja na wapelelezi.